KITONGOJI NA DAFTARI LAKE
Somo la historia kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi

1. Kwa nini chama kijifunze historia

Mwanachama akiulizwa chama chake kilianza lini, mara nyingi hutaja mwaka ulioandikwa katika hati ya usajili. Jibu hilo ni sahihi mbele ya sheria. Hata hivyo, kabla ya hati kuandikwa walikuwapo watu, yalikuwapo mashamba, ilikuwapo njia ya kwenda mnadani, na ilikuwapo sababu iliyowafanya watu hao waaminiane hata wakakubali kuweka fedha zao katika sanduku moja. Chama kisichoijua sababu hiyo hakitaijua pia siku itakapotoweka.

Somo hili linahusu maisha ya vitongoji vya mbuga za Mara, na hasa Butiama, kijiji kidogo cha Wazanaki ambacho jina lake limejulikana duniani kwa sababu ya mwana wake mmoja. Butiama imechaguliwa kwa kuwa habari zake zimehifadhiwa kuliko za vijiji vingi. Yaliyoipata yamevipata pia vijiji vya Waikizu kuelekea Bunda, vya Wakwaya na Wajita kando ya ziwa, na vya Wangoreme na Waikoma kuelekea Serengeti. Msomaji wa kila chama anaombwa asome huku akikifikiria kitongoji chake mwenyewe.

2. Nchi na watu wake

Atokaye Musoma kwenda Mwanza huipita njia panda ya Makutano, na hapo huachana na barabara kuu akielekea mashariki ili kufika Butiama. Nchi ni ya mawimbi ya nyasi, vichaka vya miiba, na vilima vyenye majabali makubwa yaliyopandana. Mvua huja mara mbili kwa mwaka: za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na za masika kati ya Machi na Mei. Zikichelewa majuma matatu, mtama hunyauka na ng'ombe hukonda. Kwa sababu hiyo mazungumzo ya wazee wa nchi hii huanza kwa mvua, na mara nyingi huishia kwa mvua.

Hata majina ya watu hubeba kumbukumbu hiyo. Husimuliwa kwamba mtemi wa Butiama aliyezaliwa mwaka 1860 aliitwa Nyerere kwa kuwa wakati wa kuzaliwa kwake nchi ilivamiwa na viwavijeshi, na neno hilo kwa Kizanaki ndiyo maana yake. Mwanawe aliyezaliwa tarehe 13 Aprili 1922 alipewa jina la Kambarage, ambalo ni jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa alizaliwa siku ya mvua kubwa. Watu hao hawakuwa na vitabu, lakini waliweka kumbukumbu. Mwaka wa viwavi na siku ya mvua viliandikwa katika majina ya watoto, na mtoto alipoitwa, kitongoji kizima kilikumbushwa.

Hata ardhi ilikuwa daftari. Kilima cha Mwitongo, mahali ulipokuwa mji wa mtemi, kimechukua jina lake katika neno lenye maana ya mahame, yaani mahali palipokaliwa na watu zamani. Msitu wa Muhunda ulio karibu ulilindwa na mila, wala haukukatwa ovyo, kwa kuwa uliaminiwa kuwa makao ya mzimu wa nchi. Mtu anaweza asiishiriki imani hiyo, lakini hawezi kukana matokeo yake: vilima vingi vya jirani vimebaki vipara, nao msitu ungalipo.

3. Kazi ya pamoja kabla ya chama

Katika nchi ya Mara watu wa kale hawakuishi katika vijiji vilivyopangwa mistari. Kila mji ulikuwa peke yake, nyumba zikilizunguka zizi la ng'ombe, na kati ya mji na mji yalikuwapo mashamba na malisho. Mgeni angeweza kudhani kwamba watu hao hawana jambo linalowaunganisha, kumbe kilichowaunganisha kilikuwa nje ya macho yake: ukoo, rika, na kazi.

Rika liliwaweka pamoja vijana waliotahiriwa wakati mmoja, wakasaidiana katika ulinzi na katika sherehe maisha yao yote. Kazi kubwa za shamba na za ujenzi zilifanywa kwa kualikana. Kwa Wakurya na baadhi ya majirani zao mwaliko huo hujulikana kwa jina la risaga. Mwenye kazi huwaita jirani zake, hulima pamoja tangu alfajiri, kisha huwakirimu kwa chakula na pombe. Kesho yake mwingine huita, na yule aliyesaidiwa jana hana budi kwenda.

Katibu wa chama anapaswa kuutazama utaratibu huo kwa makini, kwani ndani yake zimo kanuni tatu ambazo ushirika wa kisasa umeziandika katika masharti yake. Kwanza, kila mmoja hutoa nguvu na kila mmoja hupokea. Pili, asiyetoa hukumbukwa, na siku yake ikifika hapati mtu. Tatu, hesabu hufanywa mbele ya wote, kwa kuwa waliolima wanajuana kwa sura. Waanzilishi 28 wa duka la Rochdale, Uingereza, walioanza mwaka 1844, walipitia njia yao wenyewe, lakini walifika kwenye kanuni hizo hizo.

Utaratibu huo ulikuwa na mpaka wake. Uliweza kulima shamba, kujenga nyumba na kumzika marehemu. Haukuweza kumwuzia mkulima pamba kwa mnunuzi aliyetoka mbali, mwenye mzani wake na kalamu yake. Hapo ndipo haja ya chama ilipoanza.

4. Pamba, mzani na mashaka

Katika miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe wengi katika Afrika Mashariki, na njaa ikafuata. Kisha ulikuja utawala wa Wajerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukaja wa Waingereza. Serikali hizo zilitaka kodi, na kodi ilitaka fedha. Watemi walitakiwa kuikusanya. Mtemi Nyerere Burito aliitawala Butiama tangu mwaka 1915 hadi alipofariki mwaka 1942, akafuatwa na mwanawe Edward Wanzagi. Mwanawe mwingine, Kambarage, alipelekwa mwaka 1934 katika shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka kwao. Utemi wenyewe ulifutwa kwa sheria katika nchi nzima mwaka 1963.

Zao lililoleta fedha katika sehemu kubwa ya Kanda ya Ziwa lilikuwa pamba. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na vyombo vya ziwani vilikuwa vikiunganisha Musoma na bandari nyingine za ziwa. Mkulima alivuna, akachambua kwa mkono pamba safi na pamba fifi, akafunga mzigo, akaupeleka kwa mnunuzi. Kinuni, kila kilo 100 za pamba mbegu hutoa takriban theluthi moja ya nyuzi, na zinazobaki nyingi ni mbegu za kukamuliwa mafuta. Mkulima hakuyaona hayo. Alichokiona ni mzani tu, na hakuweza kuusoma.

Yafaa hesabu ifanywe ili madhara yake yaonekane. Tuseme mzani unapunja kilo 2 katika kila mzigo wa kilo 50. Mkulima aliyeleta mizigo 12, yaani kilo 600, amepoteza kilo 24. Huenda asinung'unike, kwani kilo 2 kwa mzigo ni kitu kidogo. Lakini kama wakulima waliouza hapo ni 150, na kila mmoja ameleta kiasi hicho hicho, kilo zilizopotea ni 3,600. Wizi wa namna hiyo haumwumizi mtu mmoja kiasi cha kumfanya apige kelele. Hukiumiza kitongoji kizima kimya kimya.

Ndiyo maana ushirika wa pamba katika Kanda ya Ziwa ulianzia mzanini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka watu wao wenyewe wa kuangalia mizani penye vituo vya kununulia. Kutokana na juhudi hizo, zikiongozwa na watu kama Paul Bomani, vilizaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vikuu vya Viktoria lenye makao yake Mwanza. Kabla ya Uhuru wa mwaka 1961, shirikisho hilo lilikuwa limekuwa moja ya mashirika makubwa ya ushirika katika bara zima la Afrika. Vinu vya kuchambulia pamba vilianza kupita mikononi mwa wakulima wenyewe.

Kwa kitongoji cha mbugani, chama kilileta zaidi ya bei. Kilileta mahali. Penye ghala na mzani ndipo barua zilipofika, ndipo matangazo yaliposomwa, ndipo kijana alipojifunza kuandika stakabadhi, na ndipo wazee wa miji iliyotawanyika walipokutana wakati wa msimu. Nyumba za duka, mashine ya kusaga na shule zilikuja zikajipanga karibu. Watu waliokuwa wakikutana kwenye harusi na matanga sasa walikutana pia kwenye mkutano mkuu.

5. Vijiji vinapangwa, vyama vinavunjwa

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, Rais Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo unaozidi kilomita 200, ili kuliunga mkono Azimio hilo. Aliipita nchi ile ile ambayo wakulima waliisafirishia pamba yao.

Hapo mwanzo kuhamia vijiji vya ujamaa kulikuwa jambo la hiari. Mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamekwisha kuhamia. Katika Mkoa wa Mara kazi hiyo, iliyojulikana kwa jina la Operesheni Mara, ilifanywa mwaka 1974. Familia zilizokuwa zikikaa kila moja katika mji wake zilitakiwa kujenga upya kando ya njia, kwa mistari. Manufaa yalikuwapo: shule, zahanati na maji ni rahisi kuwafikia watu walio pamoja. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo chama tawala kilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma, lililoagiza elimu ya msingi kwa watoto wote. Hasara nazo zilikuwapo. Mahali pengi watu walihamishwa kwa haraka na bila maandalizi. Mashamba yakawa mbali na nyumba, samadi ikabaki kwenye zizi la zamani, na mifugo mingi ikajazana katika malisho machache.

Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 iliweka kwamba kijiji kinachoandikishwa kiwe na familia zisizopungua 250, na kijiji chenyewe kikapewa kazi za chama cha ushirika. Kisha, tarehe 14 Mei 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya Serikali. Mamlaka za mazao zikachukua ununuzi, na vyama vya msingi vikamezwa na vijiji.

Haikosi kusemwa kwamba vyama vikuu vilikuwa na makosa. Tume ya Rais ya mwaka 1966 ilikwisha kuona udhaifu katika uongozi, ajira za upendeleo na matumizi mabaya ya fedha. Mkulima aliyecheleweshewa malipo hakuwa na machozi mengi ya kulilia chama kikuu. Lakini chama kilipoondoka, kasoro zake hazikuondoka nacho. Kuchelewa kulipwa kuliendelea, na safari hii mkulima hakuwa na mkutano mkuu wa kuulizia. Aliyekuwa mwanachama akawa mteja tu.

Katika mahojiano ya mwaka 1984, Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kama angepewa nafasi ya kuanza upya, kuvunja serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo mawili ambayo asingeyafanya. Ungamo hilo lina uzito wa pekee kwa wanachama wa Mara. Aliyelitoa alikuwa Mkuu wa Nchi, lakini pia alikuwa mtoto wa kitongoji cha mbugani, na mwaka uliofuata, 1985, aliuacha urais akarudi Butiama kulima. Alirudi kuishi na matokeo ya amri za wakati wake, miongoni mwa jirani waliozitekeleza.

6. Kurudi kwa vyama, na somo la daftari

Sheria mpya ya ushirika ilipitishwa mwaka 1982, na kuanzia mwaka 1984 vyama vikuu vikaanza kuundwa upya. Hapa ndipo katibu anapopaswa kusimama na kutafakari.

Chukulia mfano wa vyama viwili vya kitongoji, Chama A na Chama B. Mwaka 1976 vyote viwili vilikuwa na ghala la matofali, mzani, na wanachama 200. Katibu wa Chama A, alipoambiwa chama kimevunjwa, alifunga daftari la wanachama, kitabu cha mihtasari na hati ya kiwanja katika kisanduku cha bati, akakiweka darini kwake. Katibu wa Chama B aliona kwamba karatasi hizo hazina kazi tena, zikatumiwa kufungia chumvi dukani. Miaka minane baadaye, wanachama wa A waliweza kuonyesha nani alilipa hisa, nani amefariki na mrithi wake ni nani, na mpaka wa kiwanja unaishia kwenye mti gani. Wanachama wa B walibaki na maneno tu. Ghala lao lilikuwa likitumiwa na mtu mwingine, naye hakuona sababu ya kutoka.

Amri ya kuvunja ilikuwa moja kwa vyama vyote. Tofauti kati ya hao wawili ilikuwa kisanduku kimoja cha bati.

Majaribu hayakuishia hapo. Kuanzia msimu wa 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mahali pengi mkulima alipata malipo papo hapo, jambo alilolingoja kwa miaka. Wakati huo huo vyama vikuu vilivyokuwa na madeni vilikosa mtaji wa kununulia, vinu vikasimama, na katika vituo vingine mizani ya mashaka ikarudi, kana kwamba miaka ya 1950 haikupita. Mwaka 2018 Serikali iliagiza tena pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi. Hivyo katika umri wa mzee mmoja, mzani wa kitongoji umetoka kwa mfanyabiashara ukaenda kwa chama, ukaenda kwa mamlaka, ukarudi kwa chama, ukaenda kwa wafanyabiashara, na ukarudi tena kwa chama.

7. Mfano wa mbali: mbuga za Kanada

Msomaji asidhani kwamba mambo haya yamewapata watu wa Mara peke yao. Katika mbuga za ngano za jimbo la Saskatchewan, nchini Kanada, vitongoji vidogo vilijengwa kando ya reli mwanzoni mwa karne ya 20. Katika kila kituo palikuwa na ghala refu la mbao la kuhifadhia nafaka, na maghala hayo yaliwekwa karibu karibu kwa kuwa mkulima alileta ngano yake kwa gari la farasi. Penye ghala palikuwa na duka, posta, shule na kanisa.

Wakulima hao nao waliwashuku wanunuzi katika uzito na daraja la ngano. Mwaka 1924 waliunda ushirika wao wa kuuza ngano, nao ukamiliki maghala mengi jimboni. Baadaye malori na barabara nzuri viliwezesha ngano kupelekwa mbali. Maghala madogo yakafungwa, reli ndogo zikang'olewa, na vitongoji vingi vikabaki na nyumba chache au mahame. Mwaka 1996 hisa za ushirika huo ziliuzwa katika soko la hisa kwa watu wasio wakulima, na mwaka 2007 uliishia kuwa kampuni yenye jina jingine.

Ushirika wa Kanada haukuvunjwa kwa amri ya Serikali. Uliwatoka wenyewe mikononi, hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na sababu iliyoonekana nzuri wakati huo. Kwa hiyo chama kinaweza kufa kwa njia mbili: kwa kuamriwa kutoka juu, au kwa wanachama kuacha kukihesabu kuwa chao. Dawa ya njia ya kwanza ni ngumu kupatikana kitongojini. Dawa ya njia ya pili imo mikononi mwa kila mkutano mkuu.

8. Kitongoji cha leo

Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama. Mwaka huo huo jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa kijijini hapo, na wageni hufika kutoka nchi nyingi. Butiama imekuwa pia jina la wilaya tangu ilipogawanywa kutoka Wilaya ya Musoma. Pamoja na heshima hiyo, mkulima wa kawaida wa eneo hilo bado hulima mtama, mihogo, mahindi na pamba, bado hutazama mawingu ya Oktoba, na bado anahitaji mzani wa haki.

Makumbusho huhifadhi vitu vya mtu mmoja mashuhuri. Ni nani atakayehifadhi habari za mwanamke aliyebeba pamba kichwani mwendo wa saa tatu hadi kituoni, au za mpima mizani aliyekataa kupunja? Hakuna jengo litakalojengwa kwa ajili yao. Habari zao zimo katika stakabadhi na mihtasari ya chama, au hazimo popote.

9. Kazi ya katibu na kamati

Kutokana na somo hili, kila chama cha msingi kinashauriwa kufanya mambo yafuatayo kabla ya msimu kuanza:

(a) Kuandika historia fupi ya chama, kurasa nne au tano zatosha. Waulizwe wazee, wanaume kwa wanawake, wasiopungua watano. Kila habari ilinganishwe na ya mwingine, na palipo na tofauti, tofauti hiyo iandikwe.

(b) Kuhakiki daftari la wanachama. Waliofariki watajwe, warithi waandikwe, na hisa zao zisipotee. Mjane asiondolewe chamani kwa sababu ya kutojua kusoma.

(c) Kukusanya hati zote za mali: usajili, kiwanja, ghala, mzani, mikopo. Nakala moja ikae nje ya ofisi, mahali palipokubaliwa na kamati na kuandikwa katika muhtasari.

(d) Kuhakikisha mzani umekaguliwa na kupigwa mhuri na Wakala wa Vipimo, na kuwaonyesha wanachama jinsi ya kuujaribu kwa jiwe la uzito unaojulikana. Jaribio lifanywe hadharani siku ya kwanza ya ununuzi.

(e) Kusoma hesabu katika mkutano mkuu kwa lugha ambayo kila mwanachama anaielewa, na kuacha muda wa maswali. Taarifa ya mkaguzi isifichwe. Kasoro iliyosemwa mkutanoni hurekebishwa, iliyofichwa hukua.

Huenda katibu akaona kwamba kazi hizo ni nyingi na posho ni ndogo. Ni kweli. Lakini mzee wa risaga hakulipwa posho, na bado alijua ni nani amelima na ni nani hakulima. Hesabu hiyo ndiyo iliyokifanya kitongoji kuwa kitongoji. Siku chama kitakapoacha kuijua, zitabaki nyumba zilizo jirani tu.

10. Maswali ya kujadiliwa na vikundi vya masomo

1. Kabla ya chama chenu kuundwa, watu wa kitongoji chenu walisaidiana katika kazi zipi? Ni zipi ambazo zimeendelea hadi leo?

2. Ni nani aliye hai anayekumbuka hali ya ununuzi wa mazao kabla ya mwaka 1976? Habari zake zimeandikwa?

3. Kama ofisi ya chama ingeungua usiku wa leo, chama kingeweza kuthibitisha nini kesho?

4. Fanyeni hesabu ya mzani kwa kutumia idadi ya wanachama wenu na wastani wa mizigo yao. Kilo moja ikipunjwa katika kila mzigo, kitongoji kitapoteza kiasi gani kwa msimu?

5. Katika chama chenu, mwanachama wa kawaida anajiona kuwa mwenye mali au mteja? Toeni sababu, na muandike majibu katika kitabu cha mihtasari.